Mwaka Tulioswaga Kompyuta

Wiki iliyopita Masanja alibisha hodi kwangu Magamba, hapa Mpanda, na kabla sijamaliza kusema karibu alikuwa keshakaa kwenye kiti changu, kile cha dirishani ambacho hata mume wangu hukikalia kwa kuomba. Amenenepa. Alitoka Mwanza kuja kumwona mama yake Kasekese, akapitia kwangu bila hata kupiga simu, maana alivyosema yeye, "Broila nitamkuta bandani tu." Broila ni jina alilonipa tukiwa vijana: kuku wa kisasa, anaanguliwa ndani, anakulia ndani, ukimtoa nje anapata mafua. Sikukasirika wakati ule na sikasiriki sasa, kwa sababu ni kweli tupu. Nimeshavuka thelathini, na safari yangu ndefu kuliko zote mwezi huu ilikuwa ya kwenda kuangalia kama nguo zimekauka. Tukala wali na samaki wa migebuka, akasifia, akaongezewa, na mdomo ukiwa bado umejaa akauliza, "Bado unaswaga?" Nilicheka mpaka mwanangu akaja kuchungulia kuna nini. Swali hilo hakuna mwingine wa kuniuliza, na mume wangu, ambaye ni mtu wa heshima, aliangalia sahani yake tu.

Ulikuwa ule mwaka Mpanda ilipoanza kuzoea kuitwa makao makuu ya mkoa. Watu walitamka "mkoani" huku wakinyoosha kola, lakini umeme ulikuwa bado ule wa majenereta, unaokuja kwa zamu kama mwalimu wetu wa fizikia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakumshangaza mtu, nikawekwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mamdogo, aliyekuwa fundi cherehani. Mbele kulikuwa na cherehani, pasi na wateja. Nyuma, upande wa pili wa pazia lililoungwa kwa mabaki ya vitenge, kulikuwa na meza, televisheni ya chogo, deki, na kompyuta moja aliyoinunua ikiwa imeshatumika na watu ambao sidhani kama waliipenda. Kazi yetu ilikuwa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, kuchapa barua za watu, na kutengeneza video za harusi, kipaimara na ngoma. Masanja alishika kamera akazunguka na jua, mimi nilibaki ndani kuhariri. Mgawanyo ule wa kazi niliuona umepangwa na Mungu mwenyewe.

Chumba kilikuwa na joto la tanuri, lakini nilikipenda kuliko ninavyopenda nyumba yangu ya sasa yenye dari. Nilikuwa nakata picha za maharusi huku nikisikiliza upande wa pili wanawake wakipimwa magauni na kusema ukweli. "Nipunguzie hapa kiunoni." "Nipunguze nini, dada, hicho kiuno unakiona wewe peke yako?" Mchana Mamdogo alipitisha sahani chini ya pazia, ugali na kisamvu cha karanga, kama anayelisha mfungwa. Masanja naye alikuja na maziwa mgando kutoka kwao, ambako kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko viti. Tulikula juu ya kibodi. Mpaka leo nikisikia harufu ya kisamvu, vidole vyangu vinatafuta herufi.

Shida yetu ilikuwa moja. Ukishamaliza kuhariri, kompyuta inatakiwa ikae iunganishe picha, sauti na maandishi yote yawe kitu kimoja kinachoweza kuingia kwenye diski. Sisi tuliita kuivisha. Video ikianza kuiva haisimamishwi. Umeme ukikatika katikati unarudi kuanza mwanzo kabisa. Mtaa wetu umeme ulikuja watu wakishakunywa chai ya asubuhi, ukaondoka kabla jua halijazama. Video fupi ziliiva. Ndefu, kama ya harusi ya ukoo mkubwa ambako kila shangazi lazima aonekane akicheza, zilifika karibu na mwisho, halafu puu, giza. Kulikuwa na bibi harusi mmoja alipata video yake akiwa tayari amembeba mtoto mgongoni, na mtoto akaipenda sana.

Basi siku moja Masanja akaingia ameshika simu juu kama mtu aliyeokota kitambulisho cha mkubwa. Alikuwa amepata makala kwenye mtandao. Kwa Kiingereza chetu cha shule, na kamusi yangu iliyokosa jalada, tukaelewa hivi: kompyuta inatoka kiwandani imefungiwa mwendo wa adabu, lakini ukiiwasha na kuingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio, kabla haijaamka sawasawa, unaweza kuiamuru ikimbie kuliko ilivyozaliwa. Wenyewe wanaita ovakloki. Masanja alisoma mara mbili, akapiga meza. "Hii si kuswaga? Tumekaa na ng'ombe mzembe mwaka mzima na fimbo ipo!" Tangu hapo likawa ndilo neno letu. Ila nieleze ukweli mmoja kuhusu makala ile: maelekezo yalikuwa mafupi, maonyo yalikuwa marefu. Masanja alisoma maelekezo. Mimi nilisoma maonyo.

Mara ya kwanza aliongeza mwendo kama anayetia chumvi kwenye sufuria ya msiba. Nilisema, "Kidogo kidogo," akasema, "Broila, tulia." Akabonyeza kukubali. Kioo kikawa cheusi. Hakikuandika kosa, hakikulia. Feni ilizunguka tu kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Upande wa pili cherehani nayo ikanyamaza.

"Mbona kimya huko ndani?" Mamdogo akauliza.

"Tunasali, mayu," Masanja akajibu. Alimwita mayu, mama kwa Kisukuma, kila alipokuwa na kosa.

Mimi ndiye niliyekumbuka onyo la mwisho kabisa, lile ambalo mtu mwenye haraka halifikii: mashine ikigoma kuamka, izime, chomoa waya ukutani, toa ile betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, subiri, irudishe, itasahau yote uliyoiambia. Nikaitoa kwa mkasi wa Mamdogo wa kukatia nyuzi. Tukakaa tunatafuna karanga. Nikairudisha, nikawasha, na kompyuta ikasema pii. Pii moja tu. Nimesikia kwaya za Pasaka, nimesikia mwanangu akilia mara ya kwanza, na bado ile pii iko kwenye orodha. Masanja alinirusha juu. Mamdogo akafungua pazia akatukuta tumekumbatiana, na ilibidi tueleze mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kuanzia siku hiyo fimbo ilihamia kwangu. Mtu mwoga, nimekuja kugundua, anaweza kuwa fundi mzuri sana wa kitu cha hatari, mradi asikimbie. Niliongeza mwendo punje kwa punje. Kila nikiongeza, niliipa kwanza kazi ngumu isiyo na mwenyewe, nikakodolea macho kile kiprogramu cha kuonyesha joto kama mama anayemwangalia mtoto mwenye homa. Kwenye mlango wa kuongeza nguvu ya umeme wa ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta nilimkataza Masanja hata kupita karibu, maana makala ilisema mwendo ukizidi mashine itagoma, lakini umeme ukizidi itakufa. Na hakuna picha ya mteja iliyoguswa kabla haijanakiliwa kwenye diski nyingine. Masanja alinung'unika kwamba kwa mwendo huo tutafika uzeeni. Lakini akaniunga mkono kwa namna yake, akisema hata kwao, ng'ombe wa jembe ukimwongezea mzigo na fimbo siku hiyohiyo, jioni unakula nyama usiyoipanga.

Ila na yeye alipata siku yake. Joto lilikuwa linapanda haraka, na tulipofungua tukakuta ile dawa inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupozea imekauka kama uji wa juzi. Makala ilisema tuifute, tupake grisi maalumu. Neno "maalumu" tuliliruka. Mpanda nzima hatukupata. Masanja akasema, "Grisi si mafuta mazito? Kwetu yamejaa," na kesho yake akaja na samli ya mama yake kwenye kopo. Nami, mwanamke wa maonyo, nilikubali, kwa sababu samli ile ilionekana safi sana. Kompyuta ikawaka vizuri. Baada ya muda mfupi tukasikia mteja upande wa pili akimuuliza Mamdogo, "Kumbe siku hizi unauza na chapati?" Harufu ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Samli iliyeyuka, ikachuruzika, joto likaruka, na mashine ikajizima yenyewe kwa busara iliyotuzidi wote wawili. Tulikaa siku nzima tukiifuta kwa pamba na spiriti. Dawa yenyewe ikaja baadaye na treni kutoka Tabora, kwenye kibomba kidogo kama cha sindano, na Masanja akainusa akasema haina ladha.

Sasa nifike kwa Mzee Kalisto. Alikuja mwezi wa kumi, ule wakati Mpanda jua linapokuchoma mpaka kwenye kivuli. Alikuwa Mpimbwe kwa kabila, mkulima wa mpunga, na mwanawe alikuwa amepewa upadri. Misa ya kwanza ilisomewa Usevya, na Masanja alikuwa ameipiga picha yote, kutoka maandamano mpaka wali. Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Mama yangu yuko Kakese, kwa dada yangu," alisema. "Hakuweza kusafiri kwenda kwenye Misa. Sasa hospitali wamesema tumrudishe tu nyumbani akae na watu wake. Mjukuu naye wameshampeleka kwenye parokia ya mbali. Kila asubuhi mama anauliza, padri amefika? Hizo picha zenu mkichelewa, hazitakuwa na kazi kwangu."

Ndipo Masanja akanikumbusha kipande cha mwisho. Baada ya baraka, padri kijana alishuka altareni akaja moja kwa moja mbele ya kamera, akamwita bibi yake kwa jina, akambariki. Nilishakiona nikihariri, na nilishakilia. Misa ilikuwa ndefu, ya saa nyingi, na kwa mwendo wa adabu isingeiva kabla umeme haujaondoka. Msiniulize kwa nini hatukuikata vipande tukaivisha kimoja kimoja. Masanja aliniuliza wiki iliyopita, kijiko kikiwa hewani, nikamwongezea wali.

"Usijali, mzee," Masanja akamwambia. "Tutaikimbiza kompyuta."

Mzee Kalisto akashtuka. "Mkiikimbiza, na padri si atakimbia? Mama yangu hawezi kufuata Misa ya mbio."

Nikaingilia kumtuliza. "Hapana, baba. Ni kama mashine ya kukoboa. Ukiiongeza mwendo, mchele unatoka mapema, lakini ni mchele uleule."

"Uleule?" alisema, akivaa kofia. "Mashine ikizidi mwendo mchele unatoka chenga, binti yangu."

Tulicheka alipoondoka. Kesho yake umeme uliporudi nikaweka mwendo wa juu kabisa tuliowahi kuujaribu, nikaanza kuivisha. Ilikuwa raha, sikilizeni, raha ambayo watu wanaopenda kutembea wanasema huipata wakitembea. Ule mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda ulikuwa unasogea huku tunauona! Tulikuwa tumefungua ubavu wa kompyuta, pangaboi limeelekezwa ndani, na nilimkemea Mamdogo asimwage maji sakafuni kupoza vumbi kama kawaida yake, maana mashine ilikaa chini. Video ikaiva jua likiwa bado juu. Masanja alicheza pale pale kati ya meza na ukuta, nafasi isiyotosha hata kuinama. Tukaiweka kwenye televisheni kuihakiki. Maandamano, safi. Mahubiri, safi. Padri akashuka altareni, akaja mbele ya kamera, akafungua mdomo, na uso wake ukavunjika vipande vya kijani. Sauti ikakwama, "Bi, bi, bi," kama mbuzi. Halafu picha ikarudi, na watu walikuwa tayari wanakwenda kula.

"Chenga," nikasema.

Nilielewa baadaye nilipokosea. Mwendo ule nilikuwa nimeupima asubuhi, chumba kikiwa na ubaridi, halafu nikaupeleka kwenye jua la saa nane la mwezi wa kumi. Mashine iliyoswagwa kupita kiasi si lazima ianguke. Inaweza kufika imesimama, imemaliza kazi yote, na mzigo ukawa umeharibika mgongoni.

Masanja alitaka tupeleke hivyohivyo. "Bibi mwenyewe macho hayaoni vizuri. Ni sekunde chache, Leka."

Aliniita kwa jina langu, nikajua ana hofu. "Ni hizo sekunde ndizo anazozisubiri," nikasema. "Nyingine zote ni kwaya."

"Na akiondoka leo?"

Nilimchukia kwa kuuliza. Asubuhi yake Mzee Kalisto alipita, akasimama mlangoni tu. "Jana hakula," alisema. "Kaniuliza tena." Nikamwambia leo. Nilisema leo kama mtu mwenye mamlaka juu ya majenereta.

Nikashusha mwendo hatua moja, na nyingine kwa ajili ya jua. Kwa mwendo huo tulijua itaiva karibu sana na umeme kuondoka, labda kabla, labda baada. Mamdogo alichomoa pasi yake akasema wateja wa leo watavaa makunyanzi, kisha akatuletea pangaboi lake la mbele, akabaki akijipepea kwa kipande cha karatasi ya ushonaji. Hatukula. Joto la mashine likapanda, likasimama pale nilipoombea lisimame. Mchana ukaisha. Mstari ukawa umebakiza kipande chembamba kama ukucha, na taa ya ukutani ikazimika.

Tulikuwa na kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme dakika chache ili uzime mashine kwa heshima. Kikaanza kulia kama kifaranga. Dakika hizo zisingetosha. "Zima kioo!" nikapiga kelele. "Kioo kinakula!" Masanja akazima kioo, akachomoa pangaboi moja, akachomoa la pili, akachukua sahani akawa anaipepea mashine kwa mikono yote miwili. Tukabaki mbele ya kioo cheusi, hatuoni chochote, tunasikia feni, tunaangalia kitaa kimoja chekundu kinachomemeteka kwenye sanduku. Kikimemeteka, inaandika. Mamdogo alikuwa amesimama kwenye pazia, sindano mdomoni. Kifaranga kikaharakisha kilio. Kitaa kikamemeteka, kikamemeteka, kikatulia. Hatukujua kimetulia kwa sababu imemaliza au imechoka. Kisha kila kitu kikazima.

Kinyozi wa jirani alikuwa na jenereta dogo. Tulibeba mashine na kioo chake mpaka kwake, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, tukamwomba atuachie waya. Yule mteja, Mungu ambariki, akakaa na nusu yake. Tukaiwasha. Faili lilikuwepo, limefika mwisho. Nikalipeleka kwenye baraka. Padri akaja mbele ya kamera, uso mzima, nyusi zote, jasho juu ya mdomo. Kinyozi aliinama kutuuliza mbona tunalia.

Asubuhi, diski ikiwa tayari, Masanja akasema deki ninaijua mimi, kwa hiyo ninakwenda mimi. Nikajikuta nyuma ya bodaboda kuelekea Kakese, deki mapajani, vumbi puani, nikiahidi watakatifu kadhaa kwamba nikirudi sitatoka tena. Mwenye mashine ya kukoboa alikuwa ameazimisha jenereta lake, na jirani televisheni. Chumba kilijaa mpaka dirishani. Bibi Yustina alikuwa ameinuliwa juu ya mito, mdogo kuliko nilivyotegemea, kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa mistari. Misa ikaanza. Nilidhani anasinzia, mpaka aliponyoosha kidole kwenye maandamano. "Yule naye alikwenda? Na miguu yake mibovu?" Watu wakacheka, na Mzee Kalisto akageuka kuangalia ukutani.

Ilipokaribia baraka nilisogea kwenye deki. Padri akashuka altareni, akasimama mbele yetu, akainua mkono. "Bibi Yustina," akaita.

"Abee," Bibi akajibu, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. Kisha akapapasa kichwa chake, akanitazama mimi, mtu wa mashine. "Mwambie asubiri. Siwezi kubarikiwa kichwa wazi."

Nikabonyeza kitufe. Padri akasimama, mkono hewani. Bibi akakataa kusaidiwa. Akachukua kilemba chake pembeni ya mto, akakikunjua, akakizungusha mara moja, hakikukaa vizuri, akakifungua, akaanza upya. Jenereta likaunguruma nje. Chumba kizima tulisubiri, na padri naye akasubiri, mpaka alipochomeka ncha nyuma ya sikio na kuweka mikono juu ya blanketi.

"Haya," akasema. "Aendelee."